Hotuba ya Padre Illich na Walimu wa Kiingereza Watokao Mbali

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuwaona vijana wa Ulaya na Marekani wajao katika vijiji vyetu kwa muda wa majuma machache ili kuwafundisha Kiingereza watoto wa maskini. Hawapati mshahara; tena wengi wao hulipa fedha yao wenyewe kwa makampuni ya kwao yanayowatafutia mahali pa kazi. Katika miji ya Moshi na Arusha, na vijiji vilivyo jirani, wamekuwa jambo la kila siku, hata watoto wadogo hawashangai tena wawaonapo njiani. Juu ya kazi hiyo yameandikwa mengi, ya kusifu na ya kulaumu. Lakini katika hayo yote ni machache yaliyo makali kama hotuba moja fupi ya Padre Ivan Illich ya mwaka 1968. Nataka kuipima hotuba hiyo leo. Imepimwa mara nyingi na wale wanaokwenda. Ni haki nasi tunaowapokea tuipime kwa mizani yetu.

Kwanza yafaa tumjue msemaji. Illich alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1926, akapewa upadre huko Roma mwaka 1951. Alipofika New York alitumwa kazi katika parokia ambayo watu wa kisiwa cha Puerto Rico walikuwa wakihamia kwa wingi, naye akajifunza Kihispania apate kusema nao kwa lugha yao. Mwaka 1956 alipelekwa Puerto Rico kwenyewe, akawa makamu wa mkuu wa chuo kikuu cha Kikatoliki katika mji wa Ponce. Kisha mwaka 1961 alianzisha nyumba ya mafunzo katika mji wa Cuernavaca, nchi ya Mexico, iliyo kusini ya Marekani. Mwaka huohuo Wakatoliki wa Marekani na Kanada waliombwa kwa jina la Papa watoe sehemu ya kumi ya mapadre na watawa wao wakasaidie katika nchi za Amerika zisemazo Kihispania na Kireno. Wajumbe hao walipita katika nyumba ya Illich kufundishwa lugha na desturi. Lakini mwenye nyumba hakuificha shaka yake. Mwaka 1967 aliandika makala ya kuulaumu mpango wenyewe. Alikuwa kama bawabu aliyewekwa kuwafungulia wageni mlango, naye akamwuliza kila mmoja, ‘Unakwenda kufanya nini humo ndani?’

Waliomsikiliza mwaka 1968 walikuwa vijana wa vyuo vya Marekani na Kanada, wenye chama chao cha kwenda Mexico kila likizo ya kiangazi, wakae vijijini na kufanya kazi za msaada. Yaonekana walimwalika wakitumaini maneno ya kuwatia moyo, au labda ya kuwaonya kidogo, kama mzee awaonyavyo wasafiri. Hawakupata hayo. Hotuba ilipochapishwa ilipewa jina lenye maana ya kwamba nia njema na ziende zake jehanamu. Msomaji asishtuke kwa jina hilo. Padre alikuwa akiugeuza usemi wa zamani wa Wazungu usemao kwamba njia ya kwenda jehanamu imetandikwa nia njema.

Yaliyomo ndani ni haya kwa ufupi. Aliwaambia kwamba wao wenyewe wamekwisha kukiri, katika taarifa za chama chao, kuwa safari zao zaweza kuleta madhara, na hata hivyo wanafunga mizigo kwenda tena. Huo akauita unafiki. Aliwaambia kwamba hawaendi kama watu watupu, bali ni wachuuzi wa maisha ya Kimarekani walio likizoni, wasiojua kwamba wanachuuza. Aliwaambia kwamba kama wangekwenda mitaa ya maskini katika miji yao wenyewe na kutaka kuwasaidia watu wa huko kwa namna hiyo, wangechekwa au kutemewa mate upesi. Akataja gharama kubwa inayotumika kumwandaa kijana wa Kimarekani asije akaumia moyo kwa ugeni wa nchi, akastaajabu kwamba hakuna aliyefikiri kutoa senti moja kumwandaa Mmexico maskini kwa mshtuko wa kumpokea kijana huyo. Mwisho aliwasihi waje Mexico kutazama, kupanda milima, kufurahia maua na kujifunza; ila wasije kusaidia.

Hayo ni maneno makali, wala sidhani yalisemwa kwa chuki. Katikati yake liko neno moja ambalo ndilo kiini cha hotuba, na kwa ajili yake hotuba imeishi zaidi ya miaka hamsini. Padre alisema kwamba mtu aliyeitwa kweli kufanya kazi na maskini na afanye kazi na maskini wale wawezao kumfukuza kwa maneno atakayoyaelewa. Kuingia katika kijiji ukiwa kiziwi na bubu wa lugha yake, usijue ufanyalo wala watu wasemalo juu yako, ni kuwaonea.

Hapa nakiri Padre amesema kweli, naye amesema kweli kuliko alivyojua. Sisi tuliolelewa katika nchi hii twajua jinsi mgeni anavyojibiwa. Akiuliza, ‘Je, mmefurahi?’ ataambiwa, ‘Tumefurahi sana.’ Akiuliza, ‘Nirudi mwaka ujao?’ ataambiwa, ‘Karibu tena.’ Watoto wataimba, akina mama watapika, na mwenyekiti atasimama na kutoa shukrani. Maneno hayo kwetu ni ada ya mlangoni, kama maji ya kunawa mikono. Hayakuwekwa kuwa kipimo cha kazi ya mtu. Mwenyeji mwenye adabu hamwambii mgeni usoni kwamba mafundisho yake hayakuwafaa watoto. Atasema, ‘Tutaona, Mungu akijalia.’ Atasema, ‘Labda tumwulize kwanza mwalimu mkuu.’ Mwenye kuijua lugha pamoja na desturi atatambua kwamba amekwisha kukataliwa. Asiyejua atarudi kwao na kusimulia kwamba kijiji kizima kilimpokea kwa mikono miwili, naye hatakuwa amesema uongo, maana ndivyo alivyosikia.

Wazee wetu walinena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulitaja neno hili kana kwamba lahusu uvivu wa wageni tu. Lakini angalia ni nani alishikaye jembe hilo kwanza. Ni mwenyeji. Yeye ndiye ajuaye shamba lipi limekwisha kupaliwa na lipi limeota magugu, naye ndiye asemaye, ‘Hapa usiguse, hii ni mihogo michanga.’ Wageni wa Padre Illich walifika na majembe yao mikononi tangu kwao, na shamba walilichagua katika picha.

Basi sifa ya hotuba hii ni hiyo: iliuliza kama mwenyeji anao uwezo wa kujibu. Sasa niseme na upungufu wake, maana upo, tena si mdogo.

Upungufu wa kwanza ni kwamba hotuba yenyewe yamnyamazisha mtu yuleyule inayemtetea. Isome tangu mwanzo hata mwisho, hutasikia sauti ya mkulima mmoja wa Mexico. Hakuna mama anayesema alivyomwona binti mgeni jikoni mwake. Hakuna mwalimu wa kijiji. Padre asema kwamba watu hao hawawezi kuwajibu wageni, kisha yeye mwenyewe awajibia. Naye ni nani? Ni mwana wa Vienna aliyejifunza Kihispania akiwa mtu mzima, asemaye ‘milima yetu’ na ‘maua yetu’ juu ya nchi ambayo hakuzaliwa ndani yake. Simlaumu kwa kuipenda Mexico. Lakini tazama: kama mgeni aliyekaa miaka saba Cuernavaca, akajifunza lugha hata akawafundisha wengine, amepata haki ya kusema ‘yetu’, basi amekwisha kuonyesha kwa maisha yake kwamba mlango haukufungwa kabisa. Uko mlango, ni mwembamba, nao wataka miaka. Na hata Kihispania hicho si lugha ya mama ya kila mkulima wa Mexico. Wako wasemao Kinahuatl na lugha nyingine za kale, ambao hata kwa wakubwa wa nchi yao huenda wakawa mabubu.

Upungufu wa pili wahusu zaidi kazi yetu ya ualimu. Padre aliweka kila msaada katika kikapu kimoja. Kujenga choo, kupaka ukuta rangi, kugawa nguo, kufundisha: yote kwake ni kuchuuza maisha ya Kimarekani. Lakini kufundisha lugha si kama kupaka ukuta rangi. Ukuta uliopakwa rangi vibaya haumwambii fundi neno lolote. Mtoto aliyefundishwa lugha ya mgeni vizuri atakuja siku moja kumwambia mgeni huyo, kwa lugha hiyohiyo, yale aliyokuwa akiyafikiri siku zote. Kazi zote nyingine zamwacha mwenyeji kama alivyokuwa mbele ya mgeni, mwenye kushukuru na kunyamaza. Hii peke yake, ikitendwa kweli, yamzalia mwalimu mwamuzi wake.

Huenda mtu akadhani natunga mfano wa kupendeza. Basi tuiache Mexico kidogo, twende Nigeria katika mwezi wa Oktoba 1961, miaka saba kabla ya hotuba hii. Mwaka huo Rais Kennedy wa Marekani alikuwa ameanzisha shirika liitwalo Peace Corps, la kupeleka vijana wa kujitolea katika nchi nyingine. Kundi la kwanza kufika Afrika lilikuwa la walimu, nalo lilishuka Accra, mji mkuu wa Ghana, mwezi wa Agosti. Wenyeji walipendezwa sana walipowasikia vijana hao wakiimba kwa Kitwi palepale kwenye uwanja wa ndege. Kundi jingine lilikwenda Nigeria, likawekwa kwanza katika chuo kikuu cha Ibadan kwa mafunzo kabla ya kutawanyika katika shule. Binti mmoja wa kundi hilo alimwandikia rafiki yake wa kwao kadi ya posta, akaeleza kwa mshangao hali ya maisha aliyoiona mjini, jinsi watu wanavyoishi na kupika na kuuza barabarani, kwa maneno ya mtu atazamaye viumbe vya ajabu. Kadi haikufika posta. Ilianguka njiani, ikaokotwa na mwanafunzi wa Kinigeria. Naye aliisoma.

Wanafunzi wenzake waliinakili kadi, wakaigawa chuoni kote, wakakusanyika kupinga, wakadai vijana wale waondolewe nchini. Habari ilienea hata magazeti ya Marekani. Yule binti aliomba radhi, akarudi kwao. Wenzake walibaki, wakaketi na wanafunzi na kuzungumza nao, kisha wakaenda kufundisha kama ilivyokusudiwa.

Sisemi juu ya binti yule kwa kumcheka. Alikuwa kijana, tena alimwandikia rafiki, na barua za siri za watu wengi hazingependeza kama zingebandikwa ukutani. Nasema juu ya yule aliyeiokota. Kama angekuwa mtu asiyejua Kiingereza, kadi ingalikuwa kipande cha karatasi. Labda angeikimbiza posta kwa wema wake, akashukuriwa. Kwa kuwa alikuwa amefundishwa Kiingereza kwa miaka mingi, akafundishwa barabara, aliweza kusoma aliyoandikwa yeye na watu wake, akajibu, na dunia ikasikia. Huyu ndiye maskini wa Padre Illich awezaye kumwambia mgeni aende zake. Nguvu hiyo aliipata wapi? Aliipata darasani, mikononi mwa walimu, wengine Wanigeria na wengine wageni. Hotuba ya mwaka 1968 haina nafasi kwa mtu huyu. Ni pengo kubwa.

Walakini mwenye kutaka kuichukua habari ya Ibadan iwe ngao ya safari za majuma sita asifurahi upesi. Mwanafunzi yule hakufundishwa Kiingereza kwa majuma sita. Hapa ndipo hukumu ya Padre, niliyoipunguza kwa mkono mmoja, yarudi kwa mkono wa pili.

Kila mwalimu ajua jinsi lugha ifundishwavyo. Ni kazi ya kurudia na kukumbuka. Jumatatu mtoto akosea. Mwalimu asahihisha daftari jioni. Jumanne amwuliza tena. Mwezi ujao amwuliza kwa njia nyingine aone kama limekaa. Mwalimu ajua kwamba huyu hasikii vizuri sikio la kushoto, na yule achanganya ‘r’ na ‘l’ kwa sababu ya lugha ya nyumbani, na huyu wa tatu hakula asubuhi. Mambo hayo hayaandikwi katika kitabu cha mgeni ajaye. Kwa hiyo mgeni wa majuma sita aanza pale awezapo: rangi, hesabu mpaka kumi, viungo vya mwili, na wimbo wa kuonyesha kichwa na mabega. Watoto wafurahi, naye afurahi. Akiondoka, aja mwingine. Naye kwa kuwa hakuambiwa mwenzake aliishia wapi, aanza na rangi. Yuko mtoto ambaye katika mwaka mmoja amefundishwa rangi na watu wanne. Aijua nyekundu kabisa.

Sasa mpeleke mtoto huyo mbele kidogo. Katika Tanzania, tangu mwaka 1967, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo. Lakini akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote, historia, hesabu, elimu ya viumbe, yageuka kuwa Kiingereza. Mlima huo tunaujua sote tulio na watoto sekondari. Tumewaona watoto wenye akili wakikaa kimya mbele ya swali la historia ambalo wangelijibu vizuri kwa Kiswahili. Wimbo wa kichwa na mabega hauwasaidii hapo. Atakayewasaidia ni mwalimu wao wa darasa la tatu, la nne na la tano, ambaye yupo mwaka baada ya mwaka, ikiwa yeye mwenyewe amepewa Kiingereza cha kutosha na vitabu vya kutosha.

Na mwalimu huyo afanya nini mgeni afikapo? Mara nyingi akaa nyuma ya darasa. Hapa mna madhara ambayo Padre hakuyataja, kwa kuwa hakumwona mwalimu wa kijiji hata kidogo. Mwalimu mwenye cheti, mwenye miaka kumi na tano ya kushika chaki, ampisha kijana wa miaka kumi na minane ambaye kwao hangekabidhiwa darasa hata kwa siku moja bila kibali. Watoto hawaelezwi sababu, waiona. Wajifunza kwamba Kiingereza ni kitu kilicho ndani ya ngozi ya mgeni, na kwamba mwalimu wao anacho cha mitumba. Somo hilo hushika kuliko rangi. Mgeni akiisha kuondoka, mwalimu arudi mbele ya ubao, na heshima yake imepungua.

Ningependa kusema kwamba wenye mashirika hawakujifunza lolote, ingekuwa rahisi kuwalaumu. Lakini baadhi yao walijifunza. Shirika la Kiingereza la VSO lilipoanza mwaka 1958 lilipeleka vijana waliotoka shuleni tu; baadaye likaacha desturi hiyo, likawa linatafuta watu wenye ujuzi wa kazi na walio tayari kukaa muda mrefu. Peace Corps humchukua mtu kwa miezi ishirini na saba, na miezi ya kwanza ni ya kujifunza, pamoja na lugha ya mahali. Nao wamekwisha kujua maana ya kuondoka: Tanzania waliondoka mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Tumewapata kwa njia hiyo walimu wa sekondari wasemao Kiswahili safi, wawezao kutaniwa dukani na kurudisha utani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ‘tutaona’ ajua umemwambia nini. Kumweka pamoja na mgeni wa majuma sita katika hukumu moja, kama hotuba ilivyofanya, ni kukosa kutenga ngano na makapi.

Liko jambo moja ambalo Padre asingeweza kuliona mwaka 1968, nalo ni baya kuliko yote aliyoyaona. Vijana wake walikuwa na chama chao wenyewe. Siku hizi nia njema imepata soko. Katika nchi ya Kambodia, huko Asia, nyumba za watoto yatima zilikuwa 154 mwaka 2005; zilipofika mwaka 2010 zikawa 269. Watu wa nje walikwenda humo kwa wingi kucheza na watoto na kuwafundisha Kiingereza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 na serikali ya huko pamoja na UNICEF ulionyesha kwamba karibu watoto watatu katika kila wanne waliokuwa katika nyumba hizo walikuwa na mzazi aliye hai. Hawakuwa yatima kwa maana tuijuayo. Umaskini uliwaondoa kwao, na ahadi ya shule, Kiingereza kikiwamo, ilikuwa moja ya mambo yaliyowavuta wazazi. Nasi Afrika ya Mashariki tusijione mbali na habari hiyo. Kenya mwaka 2017 ilisimamisha kuandikisha nyumba mpya za watoto. Mzazi amtoaye mwanawe ili afundishwe rangi na wageni wapitao amelipa bei ambayo hakuna somo la Kiingereza liwezalo kuifidia.

Nirudi kwenye mwisho wa hotuba, maana watu huupenda sana: njoni kutazama, njoni kupanda milima. Msomaji wa Kilimanjaro atatabasamu hapo. Wageni wa milima tunao, na tunaijua kazi yao kuliko Padre. Angalia jinsi mambo yaendavyo mlimani. Kwa kanuni za hifadhi hakuna mgeni apandaye Kilimanjaro bila kiongozi mwenye leseni. Awe tajiri, awe msomi, kiongozi akimwambia, ‘Leo tunaishia hapa, kichwa chako kinauma na mapafu yako hayapendezi,’ ateremka. Anaweza kununa, lakini ateremka. Mtu wa Marangu au Machame ndiye mkubwa wake kwa siku hizo, naye ajua neno la kumrudisha, kwa Kiingereza alichojifunza. Kisha mgeni huyohuyo, akishuka mlimani, apewa darasa la watoto arobaini, na hapo hana kiongozi, hana leseni, wala hakuna amwambiaye ateremke. Tumeulinda mlima kuliko tulivyolinda darasa.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kosa letu wenyeji, wala hotuba ya Padre haiwezi kutuondolea. Yeye alisema na wageni, akawaambia wasije. Wengine walisikia, wengi hawakusikia, na wataendelea kuja kwa sababu wana nauli. Hakusema na wenyeji. Hakuwauliza kwa nini wanafungua mlango wa darasa kwa mtu wasiyemfungulia mlango wa zahanati. Jibu, naogopa, ni kwamba mgeni aacha mfuko wa saruji, au madaftari, au ahadi ya tangi la maji, na mwalimu mkuu mwenye shule isiyo na tangi hawezi kukataa kwa urahisi. Huo nao ni ububu, na sababu yake siyo lugha. Mwenye kuandika hotuba ya pili, ya kuijibu hii, aanzie kwa mwalimu mkuu huyo.

Kwa hiyo siwaambii wasomaji waitupe hotuba ya Illich. Ni fupi, nayo yasomeka kwa saa moja. Lakini haikuwekwa mahali pake ikisomwa na vijana wa Ulaya peke yao katika siku za kujiandaa, wakiumia moyo kidogo kisha wakapanda ndege. Ingefaa mwalimu ajuaye Kiingereza aifasiri jioni moja katika kikao cha wazazi na kamati ya shule, hasa katika vijiji vinavyopokea wageni kila mwaka. Aisome kwa sauti, jina lake kali pia. Asomapo mahali Padre asemapo kwamba watu wa kijiji hawawezi kuwajibu wageni wao, anyamaze kidogo, aache wazee na akina mama waseme. Mwalimu wa darasa la tatu awe mwandishi wa kikao, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema, pasipo ‘karibu tena’.